Namba tatu, waya mmoja: nilivyoiponya eskaveta iliyokuwa inapoteza nguvu Hoima

Eskaveta ya tani 20 ilikuwa inachimba maramu ya barabara nje kidogo ya mji wa Hoima, Uganda. Asubuhi inawaka vizuri, inapakia malori kama kawaida, halafu ghafla taa nyekundu inawaka kwenye skrini, injini inashuka nguvu na mkono unashindwa kuinua ndoo iliyojaa. Ukizima na kuwasha tena, inapona. Baada ya muda inarudia yale yale. Mashine yenyewe inakodishwa kwa saa na tipa zimepanga foleni, kwa hiyo mwenye mali alikuwa anaumia kweli.

Mimi niliitwa baada ya fundi mwingine kubadilisha sensa ya presha ya oili. Sensa iliagizwa Kampala, ikaja na basi, ikafungwa, na ugonjwa ukabaki pale pale. Aliyenipokea ni opereta, mzee mmoja Mkongo wa upande wa Bunia. Mimi ni mtu wa Busia, Kinyoro, lugha ya Hoima, sikijui, naye vilevile, kwa hiyo tukaelewana kwa Kiswahili.

"Fundi," akaniambia, "oili haina kosa. Naipima kila asubuhi kabla sijawasha. Hii mashine inaugua nikiizungusha kwa nguvu."

"Ikiwa imesimama tu inanguruma, mzee, haifanyi hivyo?"

"Hapana. Mpaka nizungushe."

Maelezo hayo yalinisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba. Anayekaa kwenye kiti kile kutwa nzima huijua mashine kwa mwili wake, na huwa nasikitika nikiona fundi anafungua boneti kabla ya kumuuliza. Kosa linalokuja mashine ikitikisika ni la kutafuta kwanza kwenye nyaya, plagi na asi, yaani waya unaounganisha umeme na bodi ya mashine.

Kisha nikasoma namba zote za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya injini, nikaziandika kwenye daftari kabla ya kufuta hata moja. Katika injini zinazotumia J1939, mfumo wa mawasiliano wa kompyuta za mashine nzito, hitilafu huandikwa kwa namba mbili: SPN hutaja sehemu, FMI hutaja aina ya kosa. Nilikuta SPN 100, ambayo ni presha ya oili ya injini. SPN 102, presha ya hewa inayoingia kwenye injini. Na SPN 3509, umeme unaolisha sensa. Zote tatu zilikuwa na FMI 4, yaani volti imeshuka chini ya kawaida au waya unagusana na bodi ya mashine. FMI 3 ni volti iliyozidi, na FMI 5 kwa kawaida ni waya uliokatika.

Hapo ndipo pesa za sensa zilipopotelea. Presha ya oili ikishuka kweli, SPN 100 kwa kawaida huja na FMI kama 1, yaani kipimo ni sahihi ila kiko chini mno. FMI 4 ni lalamiko la umeme: kompyuta inasema volti ninayoiona kwenye waya huu haieleweki. Na si rahisi sensa mbili za sehemu tofauti zife kwa pamoja, tena wakati umeme unaozilisha umelalamika pamoja nazo. Sensa za namna hii huwa na nyaya tatu: volti 5 kutoka kwenye kompyuta ya injini, asi, na waya wa kurudisha ishara. Mara nyingi zile volti 5 zinatoka mahali pamoja na kugawiwa sensa kadhaa, kama bomba moja la maji linalolisha nyumba za jirani. Likipasuka popote, wote wanakosa.

Betri sikuziruka, ingawa sikuzishuku. Mbili za volti 12 zilizofuatanishwa zilisoma zaidi ya 25 injini ikiwa imezimwa, na karibu 28 ikiwa inanguruma. Asi ya injini nayo ilikuwa safi.

Nikachomoa plagi ya sensa ya oili, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikapima waya wa kulisha: volti 5 kamili. Fundi mwenye haraka angeishia hapo. Nikaiacha mita ikiwa bado imeunganishwa, nikaanza kutikisa kwa mkono mkanda wa nyaya, yaani fungu la nyaya zilizofungwa pamoja, kipande kwa kipande, kutoka kwenye sensa kuelekea kwenye kompyuta. Nilipofika nyuma ya injini, mita ikaanguka karibu na sifuri. Nikaachia, ikarudi. Nikasukuma tena, ikaanguka tena. Kompyuta hukata umeme huo inapoona umeguswa na bodi, ili isiungue yenyewe, na ndiyo maana hakuna fyuzi iliyokuwa imekatika. Ili niwe na hakika kwamba si sensa inayoivuta chini, nilichomoa moja baada ya nyingine huku nimeshika mkanda pale pale. Volti haikurudi. Basi ni waya.

Klipu iliyoshikilia mkanda ule ilikuwa imevunjika, na mkanda ulikuwa umelalia ukingo wa chuma kinachobeba bomba. Plastiki ya mikunjo inayofunika nyaya ilikuwa imelika, na chini yake waya mmoja ulikuwa umevuliwa ngozi, kama milimita tatu tu. Shaba yake ilikuwa inang'aa, haina hata ukijani, kwa sababu ilikuwa inasuguliwa kila siku. Kwenye kile chuma kulikuwa na mkwaruzo mpya, sawasawa na mahali pa waya. Nilimwita mzee aone kwa macho yake.

Kuzungushia tepu peke yake sikubali. Ndani ya injini joto huifanya gundi iteleze, na vumbi la maramu humalizia. Nilikata sehemu iliyoharibika, nikaweka kipande cha waya wa unene ule ule, nikalehemu, nikavika mpira unaosinyaa kwa joto, kisha plastiki mpya ya mikunjo. Mkanda nikausogeza mbali na ule ukingo na kuufunga kwa klipu yenye mpira. Nikafuta namba zote, mzee akapanda, akazungusha ndoo imejaa, kushoto na kulia, bila huruma. Hakuna taa iliyowaka. Ile sensa ya zamani nikairudisha kuijaribu, nayo ikasoma nusu volti injini ikiwa imezimwa na kupanda vizuri ilipowashwa, kwa hiyo mwenye mashine ameihifadhi kama akiba.

Jioni hiyo hiyo alifika mchomeleaji kuziba ufa wa ndoo, akaanza kubana asi yake kwenye cheni ambazo mashine hutembelea. Nilimwomba asubiri. Tulitoa waya hasi wa betri, tukachomoa plagi za kompyuta, naye akahamishia kibanio chake kwenye ndoo yenyewe, karibu kabisa na ufa, ili mkondo usipite kwenye beringi na kwenye nyaya tulizotoka kuzitengeneza.