Costa Rica: chagua mwezi kwanza, ramani baadaye

Ukiitazama Costa Rica kwenye ramani utaidharau. Ni kilomita za mraba 51,100 tu, basi mtu anajipangia vituo sita kwa siku kumi, na likizo inaishia barabarani. Siku kumi ni vituo vitatu. Ukitaka cha nne, kiwe kitanda cha usiku mmoja karibu na uwanja wa ndege.

Kabla ya vituo, amua mwezi. Wenyeji huita Desemba hadi Aprili "verano", yaani kiangazi, na miezi inayobaki "invierno", yaani majira ya baridi, ingawa joto la pwani halipishani sana mwaka mzima. Hiyo lakini ni kalenda ya upande wa Pasifiki. Karibea ina yake. Septemba na Oktoba, Pasifiki ikiwa imelowa kuliko wakati wowote, upande wa Karibea ndipo hupata nafuu ya mvua. Kwa hiyo anayesafiri Oktoba na kukata chumba Manuel Antonio, upande wa Pasifiki, hakukosea mwezi, amekosea pwani. Mei na Juni mvua mara nyingi hungoja alasiri, hivyo matembezi yafanywe asubuhi. Juma la Pasaka na siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya ni za kukwepa kama huna nafasi uliyoweka mapema: wenyeji nao wako likizo, na bei hupanda.

Oktoba hiyohiyo, Tortuguero, kijiji cha pwani ya Karibea, bado ina kasa. Kasa wa kijani hupanda ufukweni kutaga kuanzia Julai hadi Oktoba. Hakuna barabara ya kufika kijijini. Gari linaachwa La Pavona, kisha unapanda boti kupitia mtoni. Ondoka San José alfajiri, kwa sababu barabara namba 32 inayopita hifadhi ya Braulio Carrillo hufungwa udongo ukiporomoka, na boti hazisafiri usiku. Kuwatazama kasa ni usiku, pamoja na mwongozaji mwenye leseni. Vaa nguo nyeusi na uache simu chumbani. Mwanga humfanya kasa arudi baharini bila kutaga.

Tiketi ya ndege ina mtego wake. Njia nyingi hupitia Marekani, na huko hata abiria wa kubadilisha ndege tu hupita uhamiaji, hivyo asiye na visa ya Marekani atafute njia ya Madrid, Paris, Amsterdam au Frankfurt. Angalia pia unatua wapi: Juan Santamaría, nje kidogo ya San José, unafaa kwa sehemu nyingi, ule wa Liberia, mji wa kaskazini-magharibi mwa nchi, ni wa fukwe za mkoa wa Guanacaste. Atokaye nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo, na sindano iwe imechomwa angalau siku 10 kabla ya safari. Tiketi ya kutoka nchini nayo iwe mkononi.

Gari ndilo linalovuruga bajeti za wengi. Bei ya mtandaoni huonekana ya kutupa, halafu kaunta inaongeza bima ya lazima ya kufidia watu wengine, ambayo bima ya kadi ya benki haichukui nafasi yake. Nyongeza hiyo inaweza kuzidi bei ya kukodi gari lenyewe. Omba bei ya mwisho kwa maandishi, bima ikiwemo, na uulize kiasi cha dhamana kitakachozuiwa kwenye kadi. Usivuke mto kwa gari la kukodi: maji yakiingia kwenye injini, bima kwa kawaida hailipi. Hesabu safari kwa saa, si kilomita. San José hadi La Fortuna, mji ulio karibu na volkano ya Arenal, ni kama saa tatu. La Fortuna na Monteverde zinakaribiana kabisa kwa macho, ila Ziwa Arenal liko katikati na kulizunguka ni zaidi ya saa tatu. Asiye na gari atumie basi dogo na boti ya kuvuka ziwa. Giza huingia karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na milimani kuna ukungu, mashimo na watembea kwa miguu, kwa hiyo uwe umeshafika.

Monteverde ni msitu wa mawingu, takriban mita 1,400 juu ya bahari. Beba sweta na koti la mvua hata kiangazi. Volkano ya Arenal haijatoa lava tangu 2010, hivyo asikuuzie mtu "moto wa usiku". Kinachobaki ni maji ya moto ya chemchemi, nayo yanatosha.

Hifadhi ya Manuel Antonio hufungwa Jumanne, na tiketi hununuliwa mtandaoni kabla ya kwenda. Vijana wenye vizibao watakaosimamisha gari lako njiani wanauza maegesho. Si maofisa wa hifadhi. Hifadhi ya Corcovado huingii bila mwongozaji aliyeidhinishwa.

Fedha ni colón, kama 500 kwa dola moja. Dola hupokelewa sehemu za watalii, ila kiwango cha kubadilisha anakipanga muuzaji. Bili ya mgahawa ina kodi ya asilimia 13 na huduma ya asilimia 10. Bahshishi zaidi ni hiari. Umeme ni volti 120 wenye plagi bapa kama za Marekani, na kikaushia nywele cha volti 240 kitapuliza upepo wa uvuguvugu tu.