Folda ya picha si mahali pa kuendeshea programu

Faili yenyewe iliitwa logo2.php. Niliikuta kwenye tovuti ya mteja wangu iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, ndani ya folda ya uploads inayohifadhi faili zinazopakiwa, katikati ya picha za wafanyakazi wake. Ilikuwa na mstari mmoja tu, lakini mstari huo ulichukua maneno yoyote yaliyoletwa kupitia anwani ya ukurasa na kuyatekeleza kama amri kwenye seva. Aliyeiweka pale alikuwa na tovuti nzima mkononi, pamoja na wp-config.php, faili ya mipangilio ambamo nenosiri la hifadhidata limeandikwa wazi.

Alipitia fomu ya kuombea kazi. Fomu ilikuwa na kitufe cha kuambatisha wasifu, na kazi ya kupokea kiambatisho ilifanywa na plagini (programu ya nyongeza ya WordPress) niliyoichagua mimi. Usiku ule niliufungua msimbo wake nikausoma. Ilikuwa inakagua aina ya faili, ndiyo, ila ilimwuliza mtumaji mwenyewe. Katika PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, ile type (aina) iliyomo ndani ya $_FILES, orodha ya faili zilizopakiwa, ni maneno yanayotoka upande wa kivinjari. Mtu akiandika image/jpeg, seva inasoma image/jpeg, hata kama alicholeta ni programu. Bawabu anamwuliza mgeni kama amebeba kisu, mgeni anasema hapana, anapita.

Plagini nyingine hutazama herufi za mwanzo za faili. Picha ya GIF huanza na GIF89a, kwa hiyo mshambuliaji naye anaanza na GIF89a, kisha anaendelea na alama inayoanzisha msimbo wa PHP. PHP inayatoa yale ya mwanzo kama yalivyo na kuanza kazi pale inapokutana na alama yake. Mradi jina la faili limeachwa liishie kwa .php, ukaguzi huo haujazuia kitu.

Siwasemi waandishi wa plagini kana kwamba ni watu wavivu. Mwaka 2014 MailPoet, plagini ya kutuma barua za habari, ilikutwa na tundu ambalo lingeweza kumpata mwandishi yeyote: msimbo wa kupakia faili ulitegemea admin_init, hatua ambapo WordPress huiita misimbo ya plagini, na kwa jina lake ungedhani hufanya kazi kwa msimamizi peke yake. Kumbe WordPress huiita pia mtu asiye na akaunti anapofungua admin-post.php. Mwaka 2020 ikaja zamu ya File Manager, iliyokuwa kwenye tovuti zaidi ya 700,000. Humo walitumia elFinder, maktaba ya msimbo wa kusimamia faili, na faili yake moja ya mfano, iliyokuja na jina lisiloendeshwa na seva, ilibadilishwa jina ikaishia kwa .php. Basi mtu yeyote akaweza kuiita moja kwa moja bila kuingia kwa akaunti. Toleo la 6.9 ndilo lililoziba.

Ila kuna jambo linaniuma zaidi. Kusasisha plagini huziba tundu, lakini hakuitoi faili iliyokwisha kuingia. Nimekuta tovuti zenye matoleo mapya kabisa, na mlango wa nyuma bado uko palepale ulipowekwa. Kwa hiyo ukisikia plagini yako ilikuwa na tundu la aina hii, sasisha, kisha ingia mwenyewe kwenye uploads utafute faili zinazoishia kwa .php, .phtml na .phar. Usishtuke ukikuta index.php tupu, maana plagini nyingi huiweka ili orodha ya faili isionekane. Lakini ifungue uhakikishe kweli ni tupu.

Baada ya kusafisha, niliweka .htaccess, faili ya masharti inayosomwa na programu ya seva iitwayo Apache, ndani ya uploads kukataza PHP isiendeshwe humo, nikaona nimemaliza. Miezi michache baadaye tukahamia seva ya Nginx, programu nyingine ya seva. Nginx haisomi .htaccess hata kidogo. Kufuli langu lilikuwa bado pale, linaonekana kwenye orodha ya faili, na halifungi chochote. Nililigundua hilo kwa sababu tu nilipakia faili ndogo ya majaribio yenye kazi moja ya kuandika tarehe. Nikaifungua kwenye kivinjari, na tarehe ya siku ile ikaandikwa.

Nilipoanza kusoma zaidi nikafika kwenye kisa cha jQuery File Upload, programu ya kupakia faili kwenye tovuti, kilichofichuliwa na Larry Cashdollar mwaka 2018. Nayo ilitegemea .htaccess. Tangu toleo la 2.3.9, Apache kwa kawaida yake haizisomi tena faili hizo mpaka msimamizi aruhusu. Mwandishi hakukosea siku alipoandika. Seva ndiyo iliyobadilika chini yake, na tovuti zikakaa wazi miaka mingi.

Siku hizi katazo naliweka kwenye mipangilio ya Nginx yenyewe: ombi lolote la .php chini ya uploads linakataliwa. Kanuni hiyo lazima itangulie ile inayopeleka maombi kwa PHP, kwa kuwa kati ya kanuni za namna hiyo Nginx hufuata ya kwanza inayolingana na anwani. Kwenye fomu yenyewe naruhusu aina chache zilizotajwa, seva ndiyo inayotoa jina jipya la faili, na wasifu wa waombaji unakaa nje kabisa ya folda zinazofikiwa kwa kivinjari.

Hilo la mwisho ningelifanya kwanza. Katika folda ile mlikuwa na wasifu wa watu waliokuwa wakitafuta kazi tu, wenye namba zao za simu na anwani za nyumbani. Mimi na mteja tuliwaandikia wote, mmoja mmoja, tukawaeleza kilichotokea. Mmoja alijibu akiuliza kama maombi yake bado yanahesabiwa. Tulimjibu kwamba yanahesabiwa.

Ile faili ya tarehe bado ninayo. Kila nikihamisha tovuti naipakia kwanza, naifungua, nasubiri 403, jibu la seva la kukataa, kisha naifuta.