Wiki ya 14 ya mimba: mizani imetulia, na kumbe nazi haikuwa na hatia

Leo alfajiri: kilo 73.5. Jumatatu iliyopita: 73.4. Ile ya kabla yake: 73.5. Nimeziandika kwa kalamu nyekundu, maana tangu nianze daftari hili wiki ya 6 sijawahi kuona Jumatatu tatu zikifuatana kwa utulivu huu. Niliposhuka kwenye mizani nilisema alhamdulillah kwa sauti mpaka mume wangu akaamka.

Kwa kumbukumbu tu: nilianza na kilo 70.4, urefu mita 1.62, uwiano wa uzito na urefu (BMI) 26.8. Kwa viwango vya Institute of Medicine ya Marekani vya mwaka 2009, aliyeanza kati ya 25 na 29.9 huongeza kilo 7 hadi 11.5 mimba nzima, na katika ile miezi 3 ya mwanzo ni nusu kilo hadi 2 tu. Mimi kufikia wiki ya 10 nilikuwa nimeshaongeza 2.9. Na sikuwa nakula! Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Asubuhi natapika, mchana harufu ya kitunguu cha jirani yanikimbiza barazani, usiku nalala na ndoo kando ya kitanda. Daftari linaonyesha nusu chapati, muhogo kipande, yai moja lililorudi. Kilo 3 zatoka wapi?

Nikaanza na mizani yenyewe. Ni ile ya kioo, ya betri. Nilichukua paketi ya unga ya kilo 2 ambayo haijafunguliwa, nikajipima mikono mitupu, kisha nimeikumbatia. Kwenye vigae vya jikoni tofauti ilikuja 2.0, mara nne mfululizo. Juu ya mkeka wa chumbani ikaja 1.3, mara nyingine 1.6. Basi, anayejipima juu ya mkeka au zulia anajidanganya, lakini mimi siku zote nimejipimia vigaeni, baada ya haja ndogo, na kanga ileile moja. Mizani ilikuwa nzima. Sikufurahi hata kidogo, kwa sababu nilitaka iwe mbovu.

(Mizani ya sindano siitaki kwa kazi hii. Kliniki ninakohudhuria wanayo, na mtu anapanda na buibui, viatu na pochi begani. Namba wanazonijazia kwenye kitabu na zangu za nyumbani nimeacha kuzilinganisha, kila mizani na mstari wake.)

Nikageukia nazi. Mavyaa wangu ndiye anayeniletea kifungua kinywa, mbaazi za nazi na mahamri, na mbaazi zake zimewekwa kasimile ile nzito ya mkamuo wa kwanza, haichanganyiki na maji mpaka mwisho kabisa. Ndicho chakula pekee kilichokuwa kikikaa tumboni. Nami nikamwambia, Mama, tafadhali tumia tui la pili tu, jepesi. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna, mkono ukasimama. "Mwanangu, huyo ataka kula. Sasa mko wawili." Nikajaribu kumweleza kwamba miezi 3 ya mwanzo mwili hauhitaji kalori za ziada, kinachohitajika ni ubora wa chakula. Akanijibu "haya," akaendelea kukuna, na siku 7 nikaletewa mbaazi nyepesi kama maji ya kunawia mikono. Matokeo: mizani ilipanda nusu kilo palepale, na mbaazi zikaanza kurudi kama vyakula vingine. Wiki nzima nimeipoteza, na nimemuudhi mtu aliyekuwa akinilisha.

Jibu nililipata chini ya sinki. Kuna kijana hupita kuchukua chupa za plastiki, na siku ile nilipokuwa nikimtolea nilizihesabu. Chupa 19 za soda ya tangawizi, za mililita 500. Alikuwa amepita siku 10 kabla. Karibu 2 kwa siku, na ninayekunywa soda nyumba hii ni mimi peke yangu.

Nilianza kuinywa kwa sababu ya kichefuchefu, mtu akaniambia tangawizi hutuliza. Na kweli tangawizi hutuliza, hilo limechunguzwa. Sasa soma kibandiko: sukari gramu 50 na ushei kwa chupa. Gramu moja ya sukari ni kalori 4, kwa hiyo chupa ni kalori 200, mbili ni 400, kwa siku 28 ni 11,200. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kalori 7,700 hivi. Hiyo ni kilo 1 na nusu kutoka kwa kitu ambacho hakikuwa hata kimeandikwa! Daftari langu lilikuwa na safu ya chakula, safu ya mwendo, safu ya usingizi. Ya vinywaji sikuiweka. Wiki 5 nimesaka kosa ndani ya daftari ambalo halikuwa na mahali pa kuliandika.

Kiasi kilichobaki sijakipatia hesabu yote. Choo kigumu, maji kujaa mwilini, viazi karai vya saa 4 usiku, mwili unaojiandaa.

Kuacha soda siku moja nilishindwa, nilitapika mpaka nyongo. Kilichofanya kazi ni kuitengeneza tangawizi mwenyewe, na hata hiyo ilinichukua majaribio 5. La kwanza lilikuwa kali, likanipa kiungulia usiku kucha. La tatu niliongeza asali, nikajikuta nimerudi palepale kwenye sukari. Kipimo nilichobaki nacho: kipande cha urefu wa kidole gumba, kimeparuzwa, lita 1 ya maji, chemsha dakika 10, chuja, kikishapoa kamulia ndimu moja, weka kwenye friji. Kinywewe baridi, funda moja moja. Ukipiga glasi nzima kwa pupa kinarudi. Pamoja na hicho, vipande 2 vya muhogo wa kuchemsha juu ya stuli ya kitandani, nile kimoja kabla sijainua kichwa asubuhi, kisha kila baada ya saa 2 kitu kidogo. Tumbo tupu ndilo lililokuwa likiniharibia zaidi ya chakula chochote.

Lazima niseme pia kwamba kichefuchefu huwa kikali kuzunguka wiki ya 9 kisha hupungua chenyewe. Kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni tangawizi. Lakini kilo za ile soda siwezi kuzisingizia wiki za mimba.

Muuguzi nilipomwonyesha daftari alisema hatupunguzi uzito sasa, tunautuliza tu, na kuanzia hapa hata nyongeza yahitajika, kama kalori 340 kwa siku katika miezi 3 ya kati. Nimezipima: yai la kuchemsha, ndizi, na kiganja cha njugu. Basi. Si sahani ya pili ya pilau. Akanionya pia kwamba vidonge vyangu vya damu (chuma miligramu 60, foliki mikrogramu 400) nilikuwa navimeza na chai, na chai huzuia chuma. Nimevihamishia usiku na chungwa, hata kichefuchefu chake kimepungua. Samaki nakula dagaa, simu na vibua. Papa na nduaro, wale samaki wakubwa, nimewaacha kwa sababu ya zebaki, ingawa papa mkavu wa kukaangwa na nyanya naukosa kweli.

Ile programu ya simu ya kuhesabu kalori nimeifuta. Haijui mahamri, haijui mbaazi. Nazi inayo mara 6, kila moja na hesabu yake, na hakuna hata moja inayotofautisha tui la kwanza na la pili. Daftari la kurasa 96 na kalamu mbili vimenifaa zaidi.

Wiki hii nilipanga kulinganisha vifungua kinywa vitatu, uji wa wimbi, chapati na mahamri, siku 3 kila kimoja. Nimeacha, maana nimepata kitu kingine. Mwendo wangu ni kutoka Makadara hapa Mombasa, napita Fort Jesus, nashika barabara ya Mama Ngina mpaka karibu na kivuko na kurudi, saa 12 asubuhi kabla jua halijawa kali. Napima pumzi kwa kuongea na shoga yangu, nikishindwa kumaliza sentensi napunguza mwendo. Dakika 150 kwa wiki zinatimia, lakini nyonga zimeanza kuuma. Ijumaa tulikwenda ufuo wa Pirates wakati wa bamvua, siku za maji kujaa sana, nayo yamejaa saa 10 jioni, nikaingia mpaka kifuani na kutembea ndani yake dakika 25. Nyonga kimya. Joto kimya. Sikutapika jioni ile wala usiku. Nyumbani nilitafuta jedwali la maji kujaa na kupwa nikaanza kuweka alama siku zote ambazo yanajaa kati ya saa 9 na saa 11 jioni. Siku za maji mafu, yasiyojaa sana, hayatufai, hujaa wakati wa jua kali.

Bamvua nyingine ni wiki ijayo. Kasimile imerudi kwenye mbaazi tangu Alhamisi, nilimwomba radhi Mama mwenyewe jikoni. Amesema naye atakuja Pirates, atakaa mchangani na chupa yangu ya tangawizi.