Kaka yangu analala nyumbani leo

Leo asubuhi Mahakama Kuu imempa kaka yangu dhamana ya kabla ya kukamatwa.

Kwa wasiojua habari: aliuza shamba, mnunuzi akaja kudai hatimiliki ni bandia. Kesi iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi, haijaamuliwa. Lakini simu za polisi zikaanza: "Lete pesa za watu, la sivyo tunakufuata." Hakuna samansi, hakuna maandishi.

Wakili alitueleza wazi. Kesi ya ardhi haizuii uchunguzi wa jinai. Udanganyifu ni kosa, na polisi wana haki ya kuuliza maswali. Kutumia pingu kudai deni, hapana.

Jaji ameagiza kaka afike kwa mpelelezi akiitwa na asiwaguse mashahidi. Polisi nao wasimkamate.

Kilichoniuma ni mkoba wa mama. Kila jioni alikuwa akiukagua: sweta, mswaki, dawa za presha za kaka. Mama mzee anamfungia mwanawe mzigo wa seli, na hakuna shtaka lolote!

Na hata angekamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka aelezwe sababu mara moja kwa lugha anayoielewa, aongee na wakili, na afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya korti kama muda umeishia wikendi.

Nani amepitia hili? Mlifanya nini simu zilipoanza? Andikeni hapa chini, kuna jirani yetu anapigiwa sasa hivi.