Mlilana wa ami unakauka kuanzia juu

Jumapili nlishuka Mikindani, Mombasa, kwa ami, bamvua, maji yamekupwa mpaka mbali imebaki tope tupu na kaa wanakimbizana. Hata chai sijamaliza akanambia mwanangu twende chini nkakuonyeshe kitu.

Akanipeleka kwa ile mililana, aina ya mikoko, ya mbele kabisa inayoangalia maji. Wallahi nlishtuka, matawi ya juu makavu kama kuni na huku chini majani bado mabichi. Nkauliza kwani nani ameichoma? Ami akacheka, akavunja tawi moja, ndani kuna tundu refu na nje kwenye gome kuna ungaunga umeshikana na utando. Kuna dudu linaishi humo.

Kurudi nyumbani nkaanza kusoma mpaka saa saba usiku, kumbe wataalamu wanaijua hii habari zamani, wanaotoboa mlilana huku pwani yetu ni wawili, kiwavi wa nondo anaeitwa Salagena discata na mbawakawa anaeitwa Bottegia rubra. Nlivyokua nasoma nshapata hasira, nasema si ipigwe dawa tu iishe. Halafu nkafika pahali wanaelezea ua la mlilana, lafunguka usiku, na wanaolichavusha ni popo na nondo wakubwa. Yaani nondo mmoja anaula mti na nondo mwengine anauzalisha! Sa dawa itajuaje nani ni nani? Na nyuki wa kwa mchu, ule mkoko mwengine, je, wale tunaolamba asali yao?

Mimi miaka yote nikiskia wadudu wa mikokoni najua mbu tu, na wale sisimizi wa maji moto, ambao hiyo Jumapili walinipanda shingoni hata sikuwakosea kitu.

Ami yeye haogopi sana. Anasema mvua ya El Niño ya 1997 ndo ilikua balaa, kule mkono wa bahari wa Mwache tope lilifunika mizizi ya kupumulia, miti ikafa imesimama. Lakini mlilana unamuuma, manake ile mizizi yake myepesi ndo marehemu babu alikua akichonga maboya ya nyavu.

Nmemwambia nataka kuyaona hayo maua. Akasema sawa, njoo usiku na tochi na viatu vya mvua, ukinasa kwa tope mimi sikubebi.