Mkono wa fundi ufike

"Kaka, mkono haufiki."

Mwenzangu alikuwa juu ya jukwaa la kuinulia, mita nne kutoka sakafuni, mkono wake wa kulia umezama ndani ya skrini hadi kwenye kiwiko. Skrini yenyewe ilikuwa ya taa za LED, ya mita 6 kwa 3, iliyoungwa kwa makabati, yaani masanduku bapa yaliyopangwa pamoja, na kabati moja katikati yake lilikuwa limezimika. Tuliambiwa ni skrini inayohudumiwa kwa mbele, na kweli moduli zake, vile vibao vyenye taa, zilitoka kwa mbele. Tukazing'oa nne za kabati lile, tukapima umeme, tukajua ni pawasaplai imekufa, kile kifaa kinachozilisha moduli umeme. Pawasaplai ilishikwa na skrubu nne, na vichwa vya skrubu hizo vilitazama ukutani. Kati ya skrini na ukuta palikuwa na sentimita sita. Tukashusha makabati tisa ili kulifikia moja. Kazi ya nusu saa ikala usiku kucha, na wakati wa kurudisha tukavunja taa za pembeni kwenye moduli tatu ambazo hazikuwa na ubovu wowote.

Wakati ule nilikuwa fundi wa matengenezo. Sasa nachora makabati hayo mwenyewe, na kila ninapofungua mchoro mpya naanza na mkono ule.

Skrini ya LED si kioo kimoja. Chukua hiyo ya mita 6 kwa 3: makabati 72 ya milimita 500 kwa 500, kila moja na moduli nne za milimita 250 kwa 250. Pikseli, yaani nukta zinazounda picha, zikiwa umbali wa milimita 2.5 moja kutoka nyingine, kila moduli ina pikseli 10,000, na ukuta mzima una 2,880,000. Kila pikseli ina taa tatu ndogo: nyekundu, kijani na bluu. Hata ikifa pikseli moja tu katika kila laki moja, una madoa karibu 29 yanayomkodolea macho mtazamaji. Kwa hiyo matengenezo hayaepukiki. Ni sehemu ya maisha ya skrini tangu siku inapowashwa, na anayeichora bila kuyafikiria anamwachia mtu mwingine mzigo.

Zamani jawabu lilikuwa kuacha ujia nyuma ya skrini, fundi apite na mlango wa kila kabati ufunguke kwa nyuma. Ni njia nzuri mahali penye nafasi. Lakini wenye majengo wanataka skrini ilale ukutani kama picha, na hapo kila kitu kinachoweza kufa lazima kitokee mbele. Ninaposema kila kitu nina maana ya moduli, pawasaplai, kadi ya kupokea data, kebo za data na za umeme, na hata skrubu zinazounganisha kabati na kabati. Kikibaki kimoja tu nyuma, siiti hiyo skrini ya kuhudumiwa kwa mbele.

Moduli za ndani ya jengo hushikwa na sumaku. Ukiweka sumaku dhaifu, moduli inalegea kwa mtetemo na uso wa skrini unapoteza unyoofu. Ukiweka kali mno, fundi anavuta kwa nguvu, inachomoka kwa kishindo na kugonga jirani yake. Mimi hutumia sumaku zenye nyuzi za skrubu, ili kila moja ipandishwe au ishushwe kidogo kidogo mpaka nyuso za moduli zilingane. Pikseli zikiwa zimebanana namna hii, pengo la sehemu ya kumi ya milimita kwenye kiungo linaonekana kama mstari, wa giza au wa mwanga, na jicho likishauona haliuachi.

Moduli ya katikati haina ukingo wa kushika, kwa hiyo hutolewa kwa kifaa cha kufyonza. Moduli yenye taa zilizo wazi hupitisha hewa kati ya taa na taa, na kifyonzi cha kawaida cha mpira hakishiki. Kinatakiwa chenye mota inayoendelea kuvuta hewa, na sponji pana mdomoni. Iliyofunikwa kwa utomvu mgumu hushikika kwa urahisi zaidi.

Kutoa ni nusu ya kazi. Hasara hutokea wakati wa kurudisha. Taa za pembeni zimelehemiwa kwenye vipande vidogo sana vya shaba, na kona ya moduli ikiingia kimshazari inazikwangua kama kucha. Ndiyo maana naweka vijiti vya kuelekeza, virefu kuliko kitu kingine chochote mgongoni mwa moduli. Vijiti vishike kwanza, moduli inyooke, ndipo plagi ikutane na soketi yake. Na ndani ya plagi yenyewe, pini za ardhi ziwe ndefu kuliko nyingine, ziguse za kwanza na kuachia za mwisho, kama unataka moduli ibadilishwe umeme ukiwa umewashwa.

Kebo bapa ni nafuu kuliko plagi ya moja kwa moja, lakini fundi anahitaji mikono miwili: mmoja ushike moduli hewani, mwingine utafute plagi. Juu ya jukwaa linaloyumba mkono wa pili una kazi ya kujishikilia. Kama bajeti inalazimisha kebo, basi kuwe na kamba fupi ya usalama inayobeba uzito wa moduli wakati plagi inachomolewa.

Nirudi kwenye pawasaplai, maana ndiyo iliyotutesa. Kwa nini isiwekwe mbali, kwenye chumba chenye nafasi? Kwa sababu taa zinataka volti 5 tu. Kabati la wati 150 kwa volti 5 linakula ampea 30, na kusafirisha ampea 30 mbali kunataka shaba nene na bado volti zinapungua njiani. Inabaki ndani ya kabati. Basi naipachika kwenye bamba la alumini linalotoa joto, bamba linateleza kwenye reli mbili, na skrubu mbili zinazolishika zinatazama mbele. Zimefungwa zisidondoke hata zikilegezwa kabisa, kwa sababu skrubu iliyoanguka ndani ya skrini gizani haipatikani.

Kwa skrini za nje hesabu inabadilika. Maji ya mvua yanataka mpira wa kuziba kuzunguka moduli, na mpira unataka kubanwa sawasawa pande zote, kitu ambacho sumaku haiwezi. Hapo naweka makomeo yanayozungushwa kwa ufunguo mwembamba wa pembe sita kupitia matundu kati ya taa. Pikseli zikiwa umbali wa milimita 10, tundu linapata nafasi bila kuonekana. Zikibanana sana, tundu halina pa kukaa.

Kuna jambo lisiloonekana kwenye mchoro: rangi. Moduli mpya kati ya zile zilizofanya kazi miaka miwili inang'aa kama kiraka. Akiba inunuliwe siku ileile, kutoka toleo lilelile la taa, na marekebisho ya rangi ya kila moduli yahifadhiwe kwenye kumbukumbu yake yenyewe, ili popote itakapopachikwa ijitambulishe. Kwa ukuta wa moduli 288 mimi huagiza 12 za akiba na sikubali zipunguzwe.

Kabati jipya silipitishi mpaka lijaribiwe na fundi ambaye hakuwahi kuona mchoro. Avae glavu, apande jukwaa, atoe moduli ya katikati na kuirudisha kwa dakika mbili, kisha pawasaplai kwa dakika kumi. Mimi nakaa chini kimya na kuandika kila anaposita. Wiki iliyopita alisita mahali ambapo sikutegemea. Alikuwa ametoa moduli nne, akazilaza chini, na hakukumbuka ipi ilitoka wapi. Namba nilikuwa nimeziandika mgongoni mwa moduli tu. Toleo linalokwenda kiwandani sasa lina namba zilezile sakafuni mwa kabati, kubwa, nyeupe, zinazosomeka kwa tochi ya kichwani.