Bendera ya Maryland: jinsi ya kuisoma na jinsi ya kuipandisha

Majimbo mengi ya Marekani yana bendera ya buluu yenye nembo katikati, na ukiwa mbali ni kazi kuzitofautisha. Ya Maryland haichanganyiki na nyingine. Ukijua kuisoma, umeshajua sehemu kubwa ya historia ya jimbo lenyewe.

Igawe mara nne. Robo ya juu iliyo upande wa mlingoti, na ya chini iliyo upande unaopepea, ni nembo ya ukoo wa Calvert: mistari sita ya wima, dhahabu na nyeusi kwa zamu, imekatwa na ukanda wa mshazari. Ndani ya ukanda huo rangi hugeuka, palipokuwa na dhahabu panakuwa na nyeusi, na kinyume chake. Robo mbili zilizobaki ni za Crossland, ukoo wa mama yake George Calvert: nyekundu na nyeupe, zenye msalaba ambao kila ncha ina vifundo vitatu.

George ndiye aliyeomba ardhi kwa Mfalme Charles wa Kwanza wa Uingereza, lakini alifariki mwaka 1632 kabla hati haijatoka, ikapewa mwanawe Cecil. Koloni likaitwa kwa jina la Malkia Henrietta Maria, mke wa Charles. Walowezi walifika mwaka 1634 kwa meli mbili, Ark na Dove. Kina Calvert walikuwa Wakatoliki, na sheria ya mwaka 1649 iliwalinda Wakristo wa madhehebu mbalimbali. Husifiwa sana, ila isomwe yote: aliyekana Utatu aliwekewa adhabu ya kifo.

Rangi hizo ziligawanyika wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), kati ya Muungano, yaani serikali ya taifa, na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Maryland ilikuwa jimbo la utumwa lililobaki ndani ya Muungano. Dhahabu na nyeusi zilihusishwa na upande wa Muungano, na wenyeji walioegemea Kusini wakajitambulisha kwa nyekundu na nyeupe. Tangazo la Rais Lincoln la mwaka 1863 la kuwaachia huru watumwa halikuwagusa watumwa wa Maryland, kwa sababu lilihusu maeneo yaliyoasi tu. Waliachiwa huru na katiba mpya ya jimbo, tarehe 1 Novemba 1864. Hapa ndipo walipozaliwa Harriet Tubman na Frederick Douglass, wapinzani mashuhuri wa utumwa, wote wawili utumwani, na wote wakatoroka. Baada ya vita rangi za pande zote mbili zilianza kupeperushwa kwenye kitambaa kimoja, na tarehe 9 Machi 1904 bendera hiyo ikawa rasmi. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko uzuri wake wote.

Kosa la kawaida ni kuipandisha juu chini. Kwa kuwa rangi zote nne zipo juu na chini pia, mtu huona rangi zimetimia akavuta kamba. Kabla ya kuvuta, angalia kona ya juu iliyo kwenye mlingoti: lazima iwe ya Calvert, na pale ukanda wa mshazari unapoanzia kwenye kona hiyo pawe peusi. Ukikuta nyekundu na nyeupe hapo, shusha ugeuze. Ukiweka pambo juu ya mlingoti, tangu mwaka 1945 sheria inataka liwe msalaba wa dhahabu wa vifundo kama ule wa Crossland.

Mengine kwa ufupi: makao makuu ni Annapolis, Baltimore ndiyo jiji kubwa, na jimbo lilikuwa la saba kuridhia Katiba ya Marekani, mwaka 1788. Karibu na Hancock, upande wa magharibi, upana wake kutoka kaskazini hadi kusini haufiki kilomita 3.

Mchezo rasmi wa jimbo tangu mwaka 1962 ni wa mkuki juu ya farasi, na hakuna anayeangushwa. Mpanda farasi hupita mbio chini ya matao matatu, kila moja likining'iniza pete, naye huzitungua kwa ncha ya mkuki. Pete huanza na upana wa kama sentimita 4.5. Washindani wakilingana huwekewa ndogo zaidi, hadi kufikia ya milimita 6 hivi.